Kabla Hujanunua Programu ya Ubongo, Pima Presha

Haya, leo naomba niache kidogo habari za seva na hifadhidata. Au tuseme sitaziacha kabisa, utaona.

Swali ninaloulizwa sana siku hizi si la virusi wala la simu iliyotumbukia majini. Ni hili: "Wewe si mtu wa kompyuta? Nitafutie programu ya ubongo nimwekee mama kwenye simu, amekuwa msahaulifu sana." Wanaouliza ni watu wa rika langu, wazazi wao wana miaka 65, wengine 70 na ushei. Wapo pia wanaojiulizia wenyewe: kijana wa miaka 38 anayeamini kichwa chake kimejaa kwa sababu hakumbuki nambari ya simu ya mkewe. Jibu langu kwa wote ni moja, na huwaudhi wengi. Presha ilipimwa lini mara ya mwisho?

Hapo hutazamwa kama fundi aliyeulizwa habari ya redio akajibu habari ya paa la nyumba. Lakini sijabadilisha mada.

Mtu yeyote aliyewahi kutunza seva anajua jambo hili. Mfumo ukianza kusuasua, mwanagenzi hukimbilia kufungua msimbo na kutafuta kosa la akili nyingi. Fundi mzoefu huanza na vitu visivyo na heshima: umeme unaingia sawasawa? Feni inazunguka? Kuna waya uliolegea? Mara nyingi tatizo liko huko huko. Sasa ubongo wako una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili unatumia ukiwa umepumzika. Nao hauna akiba ya maana. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, seli zinaanza kufa. Kwa hiyo kabla kumbukumbu haijawa jambo la akili, ni jambo la mabomba.

Kwanza tuondoe hili la kichwa kujaa. Ubongo si diski. Hakuna folda inayofurika picha za WhatsApp kisha ikakataa kupokea jina la mtoto wa jirani. Nambari ya mkeo huikumbuki kwa sababu hukuwahi kujifunza, uliibonyeza mara moja ukaiachia simu. Mwaka 2011 Betsy Sparrow na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akijua kompyuta itamhifadhia habari, huikumbuka kidogo habari yenyewe na kukumbuka zaidi ilipowekwa. Magazeti yakapiga yowe kwamba Google inatufanya wajinga. Sehemu ya majaribio hayo iliporudiwa na watafiti wengine haikutoa matokeo yale yale, lakini yowe lilikuwa limeshapigwa. Na mwaka 2025 Jared Benge na Michael Scullin walikusanya tafiti 57 zenye zaidi ya watu 400,000 wa umri wa kati na wazee, wakakuta kwamba wanaotumia kompyuta, simu na intaneti wana uwezekano mdogo zaidi wa kudhoofika akili, si mkubwa. Usikimbilie kushangilia lakini. Huenda wenye ubongo mzima ndio wanaoweza kutumia simu, si simu iliyowapa ubongo mzima. Ninachosema ni kwamba simu ya mama si mshtakiwa wa kwanza.

Pia si kila kusahau ni ugonjwa. Umri ukisonga kasi hupungua, jina la mtu hukwama ulimini likaja saa mbili baadaye ukiwa jikoni. Hiyo ni kawaida. Msamiati hata huendelea kukua mtu akiwa na miaka 60, ndiyo maana wazee wetu wanatushinda kwa methali. La kutia wasiwasi ni mtu kupotea njia ya soko aliloenda miaka 30, kuuliza swali lile lile kila baada ya dakika tano, kumtumia mtu mmoja M-PESA mara mbili na kukana kwamba alituma.

Sasa turudi kwenye zile programu. Mimi ni mwandishi wa programu na sina sababu ya kuwachukia wenzangu wanaotafuta riziki. Lakini Januari 2016 kampuni ya Lumos Labs ya Marekani, watengenezaji wa michezo ya Lumosity, ilikubali kulipa dola milioni 2 ili kumaliza mashtaka ya tume ya serikali inayolinda wateja. Shtaka lilikuwa kwamba ilitangaza michezo yake kama kinga dhidi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni bila ushahidi wa kutosha. Utafiti mkubwa wa huko huko, uitwao ACTIVE, ulifundisha wazee zaidi ya 2,800 katika vikundi: wengine mazoezi ya kumbukumbu, wengine ya kufikiri, wengine ya kasi ya kuona na kuamua. Miaka kumi baadaye, matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliofundishwa kufikiri na kasi bado walikuwa na faida katika yale waliyofundishwa. Na waliofundishwa kumbukumbu? Hawakuwa tofauti tena na wale ambao hawakufundishwa chochote. Mazoezi ya kasi yanatia matumaini, nakubali. Lakini kwa kawaida ukicheza mchezo wa kupanga vigae unakuwa hodari wa kupanga vigae. Mama bado atasahau sufuria motoni.

Kuna tume ya wataalamu ya jarida la Lancet, ikiongozwa na Profesa Gill Livingston, ambayo imekuwa ikihesabu vitu vinavyochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu (dimenshia, ambayo Alzheimer ni aina yake kubwa) na ambavyo binadamu anaweza kuvibadilisha. Mwaka 2017 ilitaja 9. Mwaka 2020 vikawa 12. Mwaka 2024 vikafika 14, na tume ikakadiria kwamba kama vyote vingeondolewa duniani, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wasingeugua au wangechelewa kuugua. Hayo ni makadirio ya karatasini, hakuna nchi itakayoondoa vyote 14. Lakini ukiisoma ile orodha kama Mkenya utacheka kwanza kisha uache kucheka. Presha, kisukari, kolesteroli, masikio, macho, kuumia kichwa, moshi, upweke, pombe, sigara, unene, kutotembea, huzuni ya muda mrefu, na kukosa shule utotoni. Hakuna hata kimoja kinachopatikana Play Store.

Nianze na presha maana ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Presha ikiwa juu kwa miaka, mishipa midogo kabisa inayolisha ndani ya ubongo hukakamaa na kuwa minene. Hapa na pale mmoja huziba. Hakuna anayeanguka, hakuna anayekimbizwa hospitali, ni nukta ndogo tu ya ubongo imekosa damu ikafa. Baada ya miaka 20 ya nukta nukta hizo, watu wanasema "mzee ameanza kusahau", kana kwamba jambo limeanza jana. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza presha ya umri wa kati, miaka 40 hadi 60. Yaani nikizungumza juu ya kumbukumbu ya uzee ninazungumza juu yako wewe unayesoma hii ukiwa kazini, mkononi una kikombe cha tatu cha chai na mandazi yanakungoja.

Na hali yetu ikoje? Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 uliohusu watu wa miaka 18 hadi 69 ulikuta karibu robo wana presha ya juu. Robo! Kati ya hao, chini ya mmoja kati ya watano alijua kwamba anayo. Na kati ya waliojua, ni kama robo tu waliokuwa wakimeza dawa. Fanya hesabu mwenyewe utaona wanaobaki na dawa mkononi ni wangapi. Kwa lugha ya kazi yangu, huu ni mtambo ambao taa ya hatari imewaka na watu wameibandika plasta kwa sababu mwanga wake unawasumbua.

Dawa zinasaidia kumbukumbu kweli, au hizi ni porojo za madaktari? Nilijiuliza hivyo hivyo. Nchini Marekani jaribio la SPRINT MIND, lililotolewa mwaka 2019, lilikuwa na watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea. Nusu walishushwa presha ya juu (ile namba ya kwanza) hadi chini ya 120, nusu chini ya 140. Kundi la kwanza lilipata upungufu wa asilimia 19 wa ule udhaifu mdogo wa akili unaotangulia dimenshia. Kwa dimenshia yenyewe tofauti haikutosha kuwa uhakika, maana jaribio lilikatizwa mapema baada ya kuonekana kwamba linaokoa mioyo.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni la China, matokeo yake yalitoka mwaka 2025. Vijiji 326, watu karibu 34,000 wenye presha, umri miaka 40 na zaidi. Katika nusu ya vijiji hivyo, madaktari wa kijiji, watu ambao hawana shahada kubwa za udaktari, walipewa kazi ya kushusha presha za majirani zao kwa dawa za bei nafuu, chini ya usimamizi wa daktari, huku wagonjwa wakifundishwa kujipima nyumbani. Baada ya miaka 4, vijiji hivyo vilikuwa na dimenshia pungufu kwa asilimia 15 vikilinganishwa na vile vilivyoendelea na huduma ya kawaida. Hakuna roboti, hakuna akili bandia. Tembe, mashine ya kufunga mkononi, na jirani anayekuja kuuliza umeimeza?

Nitarudi kwa huyo jirani. Kabla ya hapo, masikio.

Tume ya Lancet inaweka kupungua kwa kusikia juu kabisa kwenye orodha yake, sambamba na kolesteroli. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Masikio na kumbukumbu wapi na wapi? Maelezo yake ni haya: mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu za ubongo kubahatisha maneno, hazibaki za kuyahifadhi. Tena hujitenga. Babu anaacha kwenda baraza kwa sababu amechoka kusema "ati?", anakaa peke yake, na ubongo usiozungumziwa unanyauka. Mwaka 2023 jaribio la ACHIEVE la Marekani liliwapa mashine za kusikia wazee wa miaka 70 hadi 84. Kwa kundi zima tofauti haikuonekana. Kwa wale waliokuwa katika hatari zaidi, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48 katika miaka 3. Si muujiza kwa kila mtu, lakini nionyesheni mchezo wa simu wenye matokeo kama hayo.

Sasa fikiria fundi wa Kamukunji anayegonga bati kutoka asubuhi hadi jioni bila kuziba masikio. Fikiria makanga anayefanya kazi ndani ya spika ya matatu. (Najua, najua, matatu bila muziki si matatu. Mimi pia nilikuwa kijana.) Na wewe mwenyewe unayevaa vidude masikioni ukiongeza sauti ili kuushinda huo muziki wa matatu... Kelele ya leo inalipiwa ukiwa na miaka 70, na riba juu.

Kuumia kichwa sitakueleza sana, nenda wodi yoyote ya majeruhi uhesabu wa bodaboda. Helmeti ya abiria ambayo unakataa kuivaa kwa sababu inanuka jasho la watu ni kifaa cha kumbukumbu. Moshi wa jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa nao umo kwenye orodha, chini ya uchafu wa hewa.

Usingizi haumo kwenye zile 14, maana tume haikuona ushahidi umekamilika. Mimi nautaja kwa sababu nawajua wenzangu wa kazi hii. Nchini Uingereza watumishi wa serikali karibu 8,000 walifuatiliwa kwa miaka ipatayo 25. Katika matokeo ya mwaka 2021, waliolala saa 6 au chini ya hapo walipokuwa na miaka 50 na 60 walikuwa na hatari ya dimenshia iliyo juu kwa karibu asilimia 30 kuliko waliolala saa 7. Uhusiano si sababu, tunajua. Lakini kukesha ukirekebisha msimbo hadi saa tisa usiku kisha kujisifu asubuhi ni tabia ambayo ningependa iishe kabla hatujajua kwa hakika.

Kutembea je? Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake waliwagawa wazee 120. Wengine walitembea kwa kasi dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja. Wengine walijinyoosha tu. Hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, ilikua kwa karibu asilimia 2 kwa watembeaji, na ikasinyaa kwa wengine. Ni utafiti mdogo na si kila aliyefuata alipata hivyo, ila sijasikia mtu aliyedhurika kwa kushuka matatu kituo kimoja mapema.

Kuna jambo moja ambalo huwa nawaambia wanaouliza juu ya mama, na hili fanya wiki hii. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja umpelekee daktari. Zile tembe ndogo za njano za mafua na mzio, ambazo kila nyumba ya Kenya inazo, zina klofeniramini, na kwa mzee zinaweza kumchanganya akili hata akaonekana mgonjwa wa kumbukumbu. Mwenye kisukari aliyemeza metformini kwa miaka anaweza kupungukiwa vitamini B12, na upungufu huo unasahaulisha. Tezi ya shingo ikilegea, vivyo hivyo. Huzuni ya mjane pia. Haya yanatibika! Kuna wazee wamekaa kona wakisemwa "ameshaenda huyo" na kumbe shida ilikuwa tembe.

Na kuna kusemwa kubaya zaidi ya huko. Mtu mwenye dimenshia huweza kuamka usiku akatoka, akakutwa asubuhi uani kwa mtu, hajui alifikaje. Katika sehemu za Kilifi na Kisii wazee wameitwa wachawi kwa mambo madogo kuliko hayo, na wameuawa. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Sisemi walikuwa wagonjwa. Nasema katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wa miaka 60 na zaidi, kutojua dalili za ugonjwa huu si jambo la kujadiliwa na madaktari peke yao.

Basi sisi waandishi wa programu tufanye nini? Ninarudi kwa yule jirani wa China. Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwatuma mitaani na vijijini wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha na ya kupimia sukari, na simu ya kuingizia takwimu. Hawaandiki dawa kama wale wa China, wanapima na kuelekeza mtu kituoni. Lakini vifaa viko, watu wako, simu ziko. Kinachokatika ni kamba ya katikati: mama anapimwa, anaambiwa ni 170 kwa 100, anapewa dawa za mwezi, anajisikia mzima, anaacha. Hakuna anayejua ameacha.

Na hilo hapa Kenya tumeshawahi kulitatua, kwa ugonjwa mwingine. Katika utafiti wa WelTel, uliotolewa katika Lancet mwaka 2010, wagonjwa 538 wa UKIMWI waliokuwa wakianza dawa katika kliniki za Nairobi na Kajiado waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata ujumbe mfupi kila wiki. Ujumbe wenyewe: "Mambo?" Basi. Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida". Akijibu shida, au akinyamaza, mhudumu anapiga simu. Waliomeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 kwa wasiotumiwa ujumbe. Simu za kubonyeza, hakuna intaneti, hakuna rangi za kupendeza, na Kiswahili cha mtaani. Sijaona kazi ya programu iliyonitia wivu kama hiyo.

Ninachotaka ni "Mambo?" ya presha. Kila wiki kwa kila aliyeanzishiwa dawa, na akinyamaza jina lake linatokea kwenye simu ya mhudumu wa mtaa wake, ambaye anajua mlango ni upi. Kazi ya kuandika programu ni ya wikendi chache. Kazi ngumu ni kukubaliana na kituo cha afya, kulinda siri za watu, na kulipia ujumbe. Nimeshaanza kuandika sehemu ya kutuma na kupokea, inafanya kazi na simu yoyote. Kama wewe ni muuguzi au afisa wa kliniki mwenye wagonjwa wa presha, niandikie kwanza wewe kabla ya waandishi wa programu, maana sisi tukiachiwa peke yetu tutaongeza mchezo wa vigae.